Kutunza vito vya kazi ya mkono: shaba, fedha, dhahabu, alumini na vilivyochanganywa

Ndimu na chumvi hung'arisha bangili ya shaba kwa dakika tatu. Dawa hiyohiyo ikimwagikia hereni ya shaba yenye kipande cha mfupa, mfupa hufubaa na mng'ao wake haurudi. Foili na bekingi soda hurudisha weupe wa fedha, lakini hufuta pia ule weusi ambao sonara aliutia makusudi ili nakshi zionekane. Vito vingi vya mkono haviharibiki kwa kuachwa vichafu. Huharibiwa na mtu aliyevisafisha kwa dawa ya madini mengine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ulichoshika.

Jua madini kabla ya kushika mswaki

Tafuta mhuri: ndani ya pete, karibu na kifungo cha mkufu, mgongoni mwa kidani. 925 ni fedha yenye sehemu 925 kwa 1000, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Kwa dhahabu, 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18 na 916 ni karati 22. Mhuri wenyewe anaweza kuugonga yeyote mwenye nyundo, tena kazi nyingi za mkono hazina mhuri kabisa, basi usiishie hapo.

Fedha za zamani za Oman, Zanzibar na Lamu ni mfano mzuri. Sehemu ya fedha hiyo ilitoka kwenye riale za Maria Theresa (sarafu za fedha za Austria) zilizoyeyushwa. Karibu sarafu hizo zote zina mwaka 1780 hata kama ziligongwa miaka mia baadaye, na fedha iliyomo ni kama sehemu 833 tu kwa 1000. Shaba yake ni zaidi ya mara mbili ya ile iliyomo kwenye 925, ndiyo maana kikuku cha bibi kinaweza kusawijika upesi kuliko pete mpya ya dukani. Kusawijika huko si dalili kwamba ni bandia.

Kisha tumia sumaku. Hata ya spika mbovu inatosha. Kitu kikivutwa kwa nguvu, ndani mna chuma, haijalishi juu kinang'aa namna gani. Kisipovutwa, bado hujajua mengi, maana fedha, shaba, dhahabu, alumini na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu vyote havivutwi.

Kipimo cha maji ndicho kinachosema zaidi. Unahitaji mizani ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu (kwa pete ndogo, sehemu ya mia), kikombe na uzi mwembamba.

1. Pima kito kikavu. Andika uzito.
2. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, kisha bonyeza irudi sifuri.
3. Funga kito kwa uzi, kitumbukize kizame chote, kisiguse chini wala kando. Shika uzi kwa mkono. Ondoa mapovu ya hewa kwa kukitikisa kidogo.
4. Soma namba iliyopanda. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Mfano: bangili ya gramu 41.6 ikipandisha mizani kwa gramu 4.0, jibu ni 10.4, na hiyo ni fedha ya 925. Ikipandisha kwa 4.9, jibu ni karibu 8.5, yaani shaba ya njano iliyochovywa fedha. Alumini hutoa 2.7, chuma 7.8, shaba nyekundu 8.9, dhahabu ya karati 18 kati ya 15 na 16, ya karati 22 karibu 17.5 hadi 18. Kipimo hiki hakifai kwa kito chenye mawe, chenye uwazi ndani, au kilichojazwa lakiri (utomvu mgumu unaolainika kwa joto) kama vidani vingi vya zamani. Tena dhahabu ya karati 9 hutoa kama 11 na risasi hutoa 11.3, kwa hiyo ukipata jibu la eneo hilo mpelekee sonara aamue.

Vifaa

Bakuli mbili za plastiki au kioo, mswaki laini wa mtoto mchanga, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na rangi kali, kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, vijiti vya meno vya mti, chujio la chai, na nta ya nyuki. Kitambaa cha kufutia miwani kinafaa sana kwa fedha.

Maji ya kusuuzia yanastahili neno lake. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na chumvi ikikaukia kwenye shaba hurudi kama unga wa kijani baada ya wiki mbili. Kinga maji ya mvua, au chemsha maji ya kawaida na kukusanya matone yanayotanda kwenye mfuniko. Kikombe kimoja kinatosha kwa suuzo la mwisho.

Visivyotakiwa mezani: stilwaya, dawa ya meno, jiki, na bekingi pauda. Dawa ya meno ina chembe za kukwangulia jino, nalo ni gumu kuliko fedha au dhahabu, hivyo huacha mikwaruzo midogo inayofanya kito kionekane na ukungu. Bekingi pauda ina asidi na wanga ndani yake, nayo si bekingi soda.

Shaba nyekundu na shaba ya njano

Shaba nyekundu ni shaba tupu. Ya njano imechanganywa na zinki, na ndiyo inayotumika zaidi katika vito vya mkono vya Nairobi, ambako mafundi wa Kibera na karakana nyingine huyeyusha kufuli na koki kuukuu za mabomba. Kazi hiyo ni nzuri na ngumu kuharibika, ila ina jambo moja la kujua: shaba ya koki na kufuli mara nyingi hutiwa risasi kidogo, hadi kama asilimia 3, ili ikatike vizuri kwenye mashine. Kuivaa mtu mzima si tatizo. Mtoto anayeweka kila kitu mdomoni asipewe, na wewe nawa mikono baada ya kuisugua.

Shaba husawijika kwa hewa, na hugeuka kijani kwa jasho na chumvi. Alama ya kijani inayobaki kidoleni ni chumvichumvi za shaba zilizoyeyushwa na jasho. Haina madhara na hutoka kwa sabuni. Haimaanishi umeuziwa bandia. Mwenye jasho lenye chumvi nyingi huipata ndani ya saa moja, mwingine huvaa bangili hiyohiyo mwaka mzima bila alama.

Kabla ya kung'arisha, angalia kama fundi aliipaka vanishi. Dondosha tone la maji: likisimama kama shanga na shaba ina mng'ao wa sare kila mahali, huenda imepakwa. Ukiona mabaka meusi yenye kingo kali katikati ya sehemu zinazong'aa, vanishi imeanza kubanduka. Iliyopakwa na ikiwa nzima hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Iliyobanduka, iondoe yote kwa pamba yenye asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha), mbali na moto, kisha endelea kama shaba ya kawaida.

Hatua za kung'arisha shaba isiyo na mawe, mfupa, kombe wala shanga:

1. Osha kwa maji ya vuguvugu na matone mawili ya sabuni, ukipitisha mswaki kwenye nakshi. Usiruke hatua hii. Penye mafuta ya ngozi au losheni asidi haifiki, na matokeo yake ni mabaka.
2. Changanya kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai cha unga wa ngano na maji ya nusu ndimu, upate uji mzito. Unga kazi yake ni kuushikilia mchanganyiko usitiririke.
3. Paka kwa kidole au kitambaa. Acha dakika 3, zisizidi 5.
4. Sugua taratibu kwa kufuata mwelekeo wa mistari ya fundi, kisha suuza kwa maji mengi.
5. Tumbukiza kwa dakika moja kwenye glasi ya maji yenye nusu kijiko cha chai cha bekingi soda. Hii huua asidi iliyobaki kwenye nyufa.
6. Suuza kwa maji ya mvua, kausha kwa kitambaa, kisha weka juani dakika kumi. Kiungo cha bangili iliyosokotwa hushika maji ndani hata kama nje pamekauka.

Ukwaju ni mpole kuliko ndimu na kwa nakshi za kina ndio tunaoupendelea. Loweka kiasi cha kijiko cha chakula kwenye robo kikombe cha maji ya moto hadi ulainike, uvuruge, upake mzito, uache dakika 10.

Shaba ya njano ikitoka na rangi ya waridi, uliiacha kwenye asidi muda mrefu mno. Zinki ya juu imeyeyuka na shaba nyekundu imebaki peke yake usoni. Ngozi hiyo ni nyembamba. Huondoka kwa kusugua na Brasso (dawa ya dukani ya kung'arishia shaba) kidogo kwenye kitambaa. Usijaribu kuirudisha kwa ndimu zaidi, utaiongeza.

Ukiona vidoa vya kijani kibichi vya ungaunga ambavyo hurudi palepale kila baada ya kusafisha, hapo kuna chumvi iliyojificha ndani ya kishimo. Kwangua kidoa kwa kijiti cha meno, loweka kito kwenye maji ya mvua siku tatu ukibadilisha maji kila siku, kausha vizuri, kisha pitisha nta. Kupaka tu juu ya kijani hakusaidii, huko ni kuifungia chumvi ndani.

Nta: weka bangili juani au mbele ya draya ya nywele hadi iwe ya moto kiasi cha kushikika. Sugua nta ya nyuki kwenye kitambaa, pitisha safu nyembamba kabisa, iache ipoe dakika 10, kisha ing'arishe kwa upande mkavu. Kwa bangili ya kuvaa kila siku, rudia kila wiki tatu au nne. Wengi hupaka mafuta ya nazi badala yake, na siku ya kwanza shaba hupendeza kweli. Lakini mafuta hayo yakichacha, asidi yake hushika shaba na kutoa utando wa kijani unaonata. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa sehemu moja tu, ndani ya pete ili kidole kisigeuke kijani, nayo hudumu siku chache. Ukiipaka kwenye bangili nzima hubanduka vipande vipande.

Adui mwingine wa shaba ya njano ni amonia, na huyu hachafui, hupasua. Shaba iliyokunjwa au kufuliwa ikiwa baridi hubaki na mkazo ndani yake. Amonia ya rangi ya nywele, ya baadhi ya dawa za kusafishia vioo, au ya mbolea ya samadi huingia kwenye mkazo huo, na siku moja bangili hukatika mahali ambapo haikupigwa wala kupindwa. Vua kabla ya kupaka rangi nywele.

Fedha

Weusi wa fedha si kutu. Ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani, na salfa iko kila mahali: mayai, vitunguu, moshi wa jenereta na wa mkaa, raba, sufi, baadhi ya dawa za kukunja nywele. Ndiyo maana fedha inayovaliwa kila siku hukaa nyeupe kuliko iliyofungiwa kabatini. Ngozi na nguo huifuta bila wewe kujua. Kito cha fedha usichokivaa ndicho cha kuangalia.

Ikiwa imeanza tu kuwa na rangi ya manjano, kitambaa cha miwani na dakika mbili zinatosha. Sugua kwa mistari iliyonyooka, si kwa mizunguko, maana mizunguko huacha alama zinazoonekana kwenye mwanga. Usisugue kila wiki kwa mazoea. Kila usuguaji huondoa fedha kidogo, na baada ya miaka nakshi za mkono hulainika hadi zikapotea.

Ikiwa nyeusi kabisa, tumia foili. Njia hii haiondoi fedha, huirudisha: alumini huichukua salfa na fedha hubaki palepale ilipokuwa.

1. Osha kwa sabuni, suuza.
2. Tandika foili ya kufungia chakula ndani ya bakuli. Upande gani juu, haijalishi.
3. Weka kito kiguse foili. Kisipogusa hakuna kitakachotokea, na hapa ndipo wengi hukata tamaa.
4. Nyunyiza kijiko cha chakula cha bekingi soda na kijiko cha chai cha chumvi.
5. Mimina lita moja ya maji yaliyochemka, polepole, maana itafura.
6. Subiri sekunde 30 hadi dakika 2. Ukisikia harufu ya yai bovu, ni salfa inaondoka, fungua dirisha. Geuza kito ili upande wa pili nao uguse foili.
7. Toa kwa kijiko cha mti, suuza, kausha, sugua kidogo kwa kitambaa. Fedha hutoka nyeupe lakini bila mng'ao. Mng'ao huletwa na kitambaa.

Foili ikigeuka nyeusi na kazi ikipunguza kasi, badilisha foili na maji. Sufuria ya alumini nayo ingefanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe ndiyo itakayoliwa.

Foili isitumike kwa kito chenye weusi wa makusudi ndani ya nakshi, chenye lulu, marijani, kaharabu, feruzi au jiwe lolote lililobandikwa kwa gundi. Isitumike pia kwa kazi yenye uwazi iliyojazwa lakiri, kama vikuku na vidani vya zamani vya pwani na Oman, kwa sababu maji ya moto hulainisha lakiri na unyevu ukiingia ndani hautoki. Pete za Lamu zenye kipande cha kaure ya kale ziko kundi hilihili. Kaure yenyewe haina shida na maji, shida ni kinachoishikilia kwa nyuma. Hizi zote hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu wa sabuni, kisha chenye maji matupu, kisha kikavu, na weusi wa kwenye nakshi uachwe ulivyo. Weusi wa nakshi za kidani cha zamani ni nusu ya uzuri wake. Ukiuondoa, mnunuzi anayejua hushusha bei.

Dhahabu

Dhahabu tupu haisawijiki. Kinachobadilika rangi ni shaba na fedha zilizochanganywa nayo, ndiyo maana ya karati 9 hufifia na kuacha alama shingoni ilhali ya karati 22 haifanyi hivyo. Lakini ya karati 22 ni laini: pete hupinda kwenye mpini wa ndoo, na pete za mkufu husagana hadi zikawa nyembamba upande mmoja. Ushike mkufu kwenye mwanga mara moja kila miezi sita na uangalie pete iliyo karibu na kifungo. Ikiwa imebaki nusu ya unene wa wenzake, mpelekee sonara kabla haijakatika barabarani.

Kusafisha ni rahisi mno kiasi kwamba watu hawaamini. Bakuli la maji ya vuguvugu, matone matatu ya sabuni, loweka dakika 15, mswaki laini nyuma ya jiwe ambako losheni hujikusanya, suuza ndani ya bakuli lingine kupitia chujio la chai. Usisuuze juu ya sinki. Kabla ya kukausha, gusa jiwe kwa kijiti: likitikisika, kucha zinazolishika zimelegea.

Mambo mawili huiharibu dhahabu kweli. La kwanza ni jiki. Klorini hushambulia madini yaliyochanganywa na dhahabu, zaidi kwenye dhahabu nyeupe yenye nikeli, na hupasua kucha na viungo bila kubadilisha rangi. Vua pete kabla ya kufua nguo nyeupe na kabla ya kuingia bwawa la kuogelea. La pili ni zebaki. Hushikana na dhahabu papo hapo na kuifanya nyeupe na yenye kuvunjika. Anayefanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu anajua, lakini zebaki huingia nyumbani pia kupitia krimu za kujichubua. Lebo ikikwambia uepushe krimu na dhahabu, fedha au alumini, ishuku kuwa ina zebaki. Hapo kito ni jambo dogo, ngozi na figo ndizo za kuhofia. Dhahabu iliyokwisha kugeuka nyeupe usiichome ili kuitoa zebaki, mvuke wake ni sumu. Ifunge kwenye chombo chenye mfuniko na umwambie sonara ni zebaki kabla hajaishika.

Dhahabu ya kuchovya ni jambo tofauti. Safu yake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na nyingi za bei nafuu hazifiki hata nusu ya sehemu moja. Kila msuguo huipunguza. Futa tu kwa kitambaa laini chenye unyevu, kausha, basi. Hakuna kung'arisha, ikichakaa huchovywa upya.

Alumini na chuma

Alumini nyepesi ya kuyeyusha, ile ya bangili na vile vibati vinavyoning'inia kwenye mikufu ya Kimaasai, haisumbui. Sabuni na maji, kausha. Iepushe na vitu vikali vya aina ya magadi: bekingi soda ya moto huifanya ya kijivu, na rilaksa ya nywele huila kabisa. Vua hereni za alumini kabla ya kukaa kwenye kiti cha saluni. Chumvi ya bahari huitoboa vishimo vidogo, basi isuuze baada ya ufukwe.

Chuma kina dawa moja, nayo ni ukavu. Kutu changa hutoka kwa foili iliyokunjwa na kuloweshwa maji, ukiisugua juu yake. Malizia kwa nta.

Kito chenye zaidi ya kitu kimoja

Kanuni ni kukihudumia kwa uwezo wa kiungo chake dhaifu. Bangili iliyosokotwa kwa nyuzi za shaba nyekundu, shaba ya njano na chuma inapendeza, lakini chuma kikigusana na shaba penye jasho hushika kutu upesi kuliko kingekuwa peke yake. Ifute na kuikausha kila unapoivua, pitisha nta kila baada ya wiki mbili. Usiiloweke.

Shanga za kioo zenyewe hazina tatizo na maji. Tatizo ni zilichotungiwa. Mkufu wa Kimaasai wa waya hushika kutu kwanza kwenye ncha zilizokunjwa, halafu doa la kahawia huingia kwenye shanga nyeupe na halitoki. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, si kinachochuruzika, na uulaze kwenye taulo hadi ukauke. Uhifadhi umelala bapa. Waya ukikunjwa mara kadhaa mahali pamoja hukatika. Penye ngozi na shaba pamoja, mafuta ya ngozi hutoa ule utando wa kijani unaonata. Uondoe kwa kijiti kikavu.

Pembe ya ng'ombe na mfupa havitaki ndimu, siki wala maji ya moto. Asidi huula mfupa, na maji hupindisha pembe. Pembe ikianza kupauka, tone moja la mafuta ya maji ya watoto, sugua, acha usiku mmoja, futa. Ukitaka kung'arisha shaba inayoizunguka, tumia Brasso kwenye ncha ya pamba iliyozungushiwa kijiti, kwa shaba tu, ukikinga pembe kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Kombe na lulu hushambuliwa na asidi yoyote, hata jasho, basi lulu huvaliwa mwisho baada ya manukato na huvuliwa kwanza.

Tanzanaiti ni jiwe la kuhurumiwa. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 wakati yakuti ni 9, na hupasuka kwa badiliko la ghafla la joto. Maji ya vuguvugu na mswaki laini, hakuna mvuke, hakuna mashine ya mtikisiko, hakuna kuitoa juani na kuitumbukiza kwenye maji baridi.

Kuhifadhi

Kila kito peke yake, kwenye kitambaa cha pamba, ndani ya kijaluba au kopo linalofunga. Fedha isikae na raba, gazeti, wala boksi lililopakwa vanishi juzi. Vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya hunyonya unyevu. Weka kimoja kwenye kila kopo. Pwani, wakati wa masika, kichukulie kimejaa baada ya miezi miwili na ukibadilishe. Ukifukiza udi chumbani, funga kijaluba kwanza.

Kwa sonara

Mpelekee kazi zinazotaka moto au kuchovya: kuunga mkufu, kukuza pete, kukaza kucha. Taja mawe yaliyomo kabla hajawasha moto. Tanzanaiti, lulu na marijani huondolewa kwanza. Kito cha kuchovya ukitaka kiungwe, ujue rangi itaungua mahali pa kiungo na itabidi kichovywe upya chote, hivyo kubalianeni bei ya kazi zote mbili. Piga picha pande zote, pima uzito mbele yake kabla na baada, na muulize atang'arisha kwa kutumia nini. Mashine ya brashi na asidi huondoa dhahabu, na vumbi lile hubaki kwenye karakana yake. Kupungua kidogo ni kawaida. Kwa pete ya gramu 5, kupungua nusu gramu si kawaida.

Kikirudi, kioshe kwa sabuni kabla hujakivaa. Uji wa kung'arishia hubaki nyuma ya mawe na ndani ya nakshi, huwasha ngozi, na kwenye shaba huanza kugeuka kijani ndani ya siku chache.